Kilowati, nguvu farasi au BTU: kipimo kipi utumie wapi

Kibandiko cha kiyoyozi kimoja kidogo kinaweza kuwa na namba tatu: BTU 12,000 (kipimo cha joto), HP 1.5 (nguvu farasi) na kW 1.1 (kilowati). Mtu makini akichukua kikokotoo na kuzidisha HP 1.5 kwa 2,544, ambayo ndiyo idadi sahihi ya BTU kwa saa katika nguvu farasi moja, anapata 3,816. Kibandiko kinasema 12,000. Hesabu haina kosa, kibandiko hakina uongo, na bado majibu yamepishana zaidi ya mara tatu.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauishii kwenye namba za kugeuzia. Namba hizo ni rahisi na zinapatikana kila mahali. Kinachowagharimu watu fedha na vifaa ni kutojua nguvu inayotajwa ni ya nini: ya joto linalohamishwa, ya shafti (mhimili wa mashine) inayozunguka, au ya umeme unaovutwa kutoka ukutani.

Msimamo wangu nauweka mbele. Hesabu zote zifanywe kwa kilowati, na kando ya kila kilowati iandikwe kama ni ya joto, ya shafti au ya umeme. Nguvu farasi na BTU kwa saa hazina ubaya wowote. Zimezoeleka madukani na kwenye vibao vya mashine, na zitakuwepo kwa miaka mingi ijayo. Zitumie kuulizia bidhaa, usizitumie kufanyia hesabu.

| | Kilowati | Nguvu farasi | BTU kwa saa |
|---|---|---|---|
| Kilowati 1 | 1 | 1.341 | 3,412 |
| Nguvu farasi 1 ya Kiingereza | 0.7457 | 1 | 2,544 |
| Nguvu farasi 1 ya metriki | 0.7355 | 0.986 | 2,510 |
| BTU 1,000 kwa saa | 0.293 | 0.393 | 1,000 |
| Kilokalori 1,000 kwa saa | 1.163 | 1.56 | 3,968 |
| Tani 1 ya ubaridi | 3.517 | 4.716 | 12,000 |
| Nguvu farasi 1 ya boila | 9.81 | 13.15 | 33,475 |

Farasi na joto walikutana wapi

Ukitaka kuiamini namba 2,544 bila kuikariri, ifuate ilikotoka. James Watt, mhandisi wa injini za mvuke, alihitaji kuwaeleza wateja wake injini ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Alimchukulia farasi anayezungusha gurudumu la kinu lenye nusu kipenyo cha futi 12, mara 144 kwa saa, akivuta kwa kani ya ratili 180. Zidisha mzingo wa gurudumu kwa mizunguko ya kila dakika na kwa kani hiyo, na utapata futi-ratili 32,572 kwa dakika. Namba hiyo ilisogezwa hadi 33,000, na hapo ndipo nguvu farasi ilipotulia hadi leo.

BTU imetoka upande mwingine kabisa. Ni joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Hakuna farasi humo, hakuna kani, hakuna mwendo. Kwa muda mrefu watu hawakuona sababu ya kuviweka vipimo hivi viwili kwenye mstari mmoja.

Aliyewakutanisha farasi na joto waziwazi alikuwa mwanasayansi Count Rumford, katika taarifa iliyosomwa mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, mwaka 1798. Huko Munich farasi walizungusha mashine ya kutoboa mizinga, na Rumford akazungushia chuma kinachosuguana sanduku la maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka bila moto wowote. Kwa hesabu yake, joto lililokusanyika, pamoja na lile lililoingia kwenye chuma, lingetosha kuchemsha ratili 26.58 za maji yaliyoanza yakiwa baridi kama barafu, yaani kuyapandisha digrii 180 za Fahrenheit. Hiyo ni BTU 4,784 kwa saa mbili na nusu, au takriban 1,914 kwa saa. Gawanya kwa 2,544 na utapata robo tatu ya nguvu farasi. Namba hii inanifurahisha kila ninapoirudia, maana ni kazi halisi ya farasi iliyopimwa kwa joto la maji.

Mwanafizikia James Joule aliirudia hesabu hiyo baadaye akichukulia kuwa kazi ya farasi kwa Rumford ilikuwa futi-ratili 33,000 kamili kwa dakika, akapata futi-ratili 1,034 kwa kila BTU. Kipimo chake mwenyewe, cha kuzungusha makasia ndani ya maji kwa uzito unaoshuka, kilimpa 772. Thamani ya leo ni 778.17. Sasa mambo yote yako mezani: futi-ratili 33,000 kwa dakika, mara dakika 60, gawanya kwa 778.17. Jibu ni 2,544.

Kilowati

Jina la wati lilipendekezwa na kupokelewa na wanasayansi wa Uingereza mwaka 1882, na mwaka 1960 likaingia katika mfumo wa kimataifa wa vipimo. Wati moja ni jouli moja ya nishati kwa sekunde, basi. Haiulizi jouli hiyo ni ya joto, ya umeme au ya mzunguko. Hita ya kilowati 2 na mota ya kilowati 2 zinapimwa kwa fimbo moja, na ndiyo sababu mimi huichagua kwa hesabu: unajumlisha na kutoa bila kugeuza chochote.

Udhaifu wake ni huohuo. Kwa kuwa fimbo ni moja, ni rahisi kusahau ulichokuwa unapima. Wahandisi wa mitambo ya umeme walishalitatua hili zamani kwa herufi moja ndogo. Kinu cha nyuklia cha megawati 3,000 za joto huandikwa MWt, na megawati takriban 1,000 za umeme zinazotoka huandikwa MWe. Hakuna anayeshangaa kuona namba mbili kwa mtambo mmoja. Tabia hiyo inafaa hata kwa jenereta ndogo ya nyuma ya jengo.

Angalizo la haraka: kilowati ni kasi, kilowati-saa ni kiasi. Vivyo hivyo BTU ni kiasi, na BTU kwa saa ni kasi. Kwenye viyoyozi maneno "kwa saa" huachwa karibu siku zote. Kila uonapo BTU 9,000 au 12,000 kwenye kiyoyozi, yarudishe mwenyewe.

Nguvu farasi, na farasi hawalingani

Hapa ndipo pa kuwa macho zaidi. Nguvu farasi ya Kiingereza ni wati 745.7. Ya metriki, ambayo Wajerumani huiandika PS, Wafaransa ch, Waitalia na Wahispania CV, ni wati 735.5, maana imejengwa juu ya kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde moja. Ipo pia ya umeme iliyowekwa kuwa wati 746 kamili, lakini tofauti yake na ya Kiingereza haina uzito wowote katika kazi.

Tofauti ya asilimia 1.4 kati ya ya Kiingereza na ya metriki haimsumbui mtu mwenye pampu ndogo. Kwenye injini kubwa inaonekana: injini ya PS 400 ni hp 394.5 tu. Injini ya kilowati 100 ni hp 134 kwa mmoja na PS 136 kwa mwingine, na wauzaji hupenda kuandika ile kubwa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2010 nguvu farasi inaruhusiwa kama nyongeza tu, na kilowati ndiyo kipimo rasmi. Nadhani walifanya vyema.

Kuna jambo lingine ambalo jedwali la kugeuzia haliwezi kukuonyesha, nalo ni namna injini ilivyopimwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 injini nyingi za Marekani zilipimwa zikiwa tupu, bila vifaa vyote zinavyovibeba zikiwa kwenye gari. Mwaka 1972 kipimo cha injini yenye vifaa vyake kilipoanza kutumika, namba zilishuka hata kwa injini ileile. Ukilinganisha injini ya zamani na mpya kwa nguvu farasi, uliza kwanza zilipimwaje.

Halafu kuna nguvu farasi ya boila, ambayo ningeifuta kesho kama ingekuwa mikononi mwangu. Ilizaliwa wakati boila zilikuwa zinalisha injini za mvuke, na katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 ikawekewa kiwango cha kiasi cha mvuke ambacho injini ya wakati ule ilihitaji ili itoe nguvu farasi moja. Injini zile zilipoteza joto jingi mno, kwa hiyo nguvu farasi moja ya boila ni kilowati 9.81 za joto, zaidi ya mara 13 ya ile ya shafti. Boila ya "farasi 100" hutoa joto la kilowati 981. Mtu akiigeuza kwa 0.746 atapata kilowati 75, na ataagiza mabomba na kichomeo cha mtambo mwingine kabisa. Popote unapoona nguvu farasi kwenye karatasi ya boila, igeuze kuwa kilowati za joto siku hiyohiyo na uendelee na kilowati.

BTU kwa saa, tani na kilokalori

BTU kwa saa ni kipimo kidogo sana, chini ya theluthi ya wati. Kwa hiyo namba zake huwa ndefu na huvutia macho. Faida yake ni moja, ila ni kubwa: ukiona BTU kwenye kibandiko, unajua ni joto. Hakuna anayeuza mota kwa BTU. Pia vipimo vya BTU viko kadhaa, kutegemea maji yalianzia joto gani, lakini vinatofautiana kwa takriban nusu ya asilimia tu. Chukua jouli 1,055 na usijisumbue.

Tani ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, na asili yake ni barafu. Kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani ratili 2,000, kwa BTU 144 kila ratili, kunahitaji BTU 288,000. Zigawe kwa saa 24. Mitambo mikubwa ya kupoozea majengo huuzwa kwa tani, na kwa kweli kipimo hiki kina raha yake, maana namba zake ni ndogo na zinakaa kichwani. Usikichanganye na uzito wa mashine wala na tani ya kilo 1,000.

Kilokalori kwa saa utaikuta kwenye vibao vya zamani vya boila na mitambo ya joto. Igawe kwa 860, upate kilowati, umalize.

Rudi kwenye kiyoyozi

Kile kiyoyozi cha mwanzo sasa kinaeleweka. Kiyoyozi hakizalishi ubaridi, kinahamisha joto. Kinavuta umeme wa kilowati 1.1, ambao ni karibu nguvu farasi 1.5, na kwa nguvu hiyo kinaondoa chumbani joto la kilowati 3.5, ambalo ni BTU 12,000 kwa saa. Nje, nyuma ya feni, kinamwaga vyote viwili: kilowati 4.6, karibu BTU 15,750 kwa saa. HP inasimulia kinachoingia kwenye mashine. BTU inasimulia kinachoondolewa chumbani. Ni vitu viwili tofauti, na hakuna namba ya kugeuzia itakayokupeleka kutoka kimoja hadi kingine, isipokuwa uwiano wa mashine hiyo yenyewe, yaani joto linaloondolewa chumbani likigawanywa kwa umeme unaovutwa. Hapa uwiano ni 3.2. Mashine nzuri zaidi ingekuwa na 4, na BTU 12,000 zilezile zingepatikana kwa kilowati 0.88.

Wauzaji wengi huita kiyoyozi cha BTU 9,000 "HP 1", cha 12,000 "HP 1.5" na cha 18,000 "HP 2". Ni mazoea ya biashara, wala si kanuni ya fizikia. Ukinunua kiyoyozi kwa HP unanunua ukubwa wa mdomo wake bila kujua kazi anayoifanya. Nunua kwa BTU kwa saa au kwa kilowati za ubaridi, kisha uliza uwiano. Kama uwiano umeandikwa kwa BTU kwa kila wati, kwa mfano 10.9, ugawe kwa 3.412, nawe utapata 3.2.

Chumba chenye mota

Mfano unaonishawishi zaidi kuhusu kilowati ni chumba cha mashine kinachopoozwa. Chukua mota ya kilowati 7.5. Kilowati zilizo kwenye kibao cha mota ni za shafti, si za umeme. Kama ufanisi wake ni asilimia 88, itavuta umeme wa kilowati 8.5, na kilowati 1 hivi itabaki kwenye mwili wa mota kama joto.

Sasa swali la kiyoyozi: mashine inayozungushwa iko wapi? Kama mota imekaa chumbani lakini shafti yake inapeleka kazi nje, mfano pampu inayosukuma maji hadi tangi la mbali, chumba kinapokea takriban ile kilowati 1 tu, BTU 3,400 na kitu. Kama mashine yenyewe, tuseme ya kusaga, imo chumbani humohumo na vinavyosagwa vinapoa humohumo, basi kilowati 8.5 zote huishia kuwa joto la chumba, kama ilivyokuwa kwa mizinga ya Rumford. Hizo ni BTU 29,000 kwa saa, tani 2.4 za ubaridi. Mota ni ileile, kibao ni kilekile, na mahitaji ya ubaridi yanatofautiana zaidi ya mara nane.

Anayefanya kazi hii kwa nguvu farasi upande mmoja na BTU upande wa pili atageuza namba mara nne na kupoteza mwelekeo katikati. Kwa kilowati unatoa 7.5 kutoka 8.5, unaona jibu, na unageuza mara moja tu mwishoni unapokwenda kuagiza kiyoyozi.

Kugeuza namba si kugeuza nishati

Jedwali linasomeka pande zote mbili, maumbile hayasomeki hivyo. Kilowati 1 ya shafti ukiikandamiza kwa breki inakuwa BTU 3,412 kwa saa, yote, bila kupungua. Kinyume chake hakiwezekani. Joto la nyuzi 100 za Selsiasi, mahali penye nyuzi 30, haliwezi kutoa kwenye shafti zaidi ya asilimia 19, hata kwa injini kamilifu. Mpaka huo alionyesha njia yake Sadi Carnot mwaka 1824, na hakuna mashine iliyowahi kuuvuka. Kwa hiyo BTU 3,412 kwa saa za joto hilo, ambazo jedwali linasema ni hp 1.34, zitakupa takriban robo ya nguvu farasi moja kwenye shafti, bora ya yote.

Jenereta ya dizeli inaonyesha hilo kila siku. Lita moja ya dizeli ina joto la takriban kilowati-saa 10. Injini inayotoa kilowati 40 kwenye shafti kwa ufanisi wa asilimia 36 inachoma dizeli yenye joto la kilowati 111, karibu lita 11 kwa saa. Kilowati 71 zinazobaki hutoka kupitia rejeta, ekzosi na mwili wa injini. Aliyeandika "injini ya kW 40" bila neno la ziada ameficha namba mbili ambazo mjenzi wa chumba cha jenereta anazihitaji kuliko ile 40.

Uchague kipi

Unanunua pampu au mota: zungumza kwa nguvu farasi kama muuzaji ndivyo anavyozungumza, ukizidisha kwa robo tatu kichwani kupata kilowati za shafti. Kwa nguvu farasi ya Kiingereza, kosa la hesabu hiyo halifiki asilimia moja. Unanunua kiyoyozi: BTU kwa saa, au tani kama jengo ni kubwa, na kila tani ihesabu kilowati 3.5. Unalinganisha magari au injini: kilowati, ili farasi wa aina mbili wasikuchanganye. Boila: kilowati za joto, bila mjadala. Unapanga mtambo mzima wenye vitu hivi vyote: kilowati, na neno moja kando ya kila namba.

Kuhusu desimali, usibebe nyingi. Mtu anayeandika kwamba mota ya hp 3 ni kilowati 2.2371 hajaongeza usahihi wowote, kwa sababu mota zenyewe hutengenezwa kwa ukubwa uliopangwa, na hiyo ataikuta dukani ikiitwa kilowati 2.2. Katika mpangilio huohuo kuna mtego: hp 7.5 huuzwa kama kilowati 5.5, na hp 10 kama kilowati 7.5. Namba 7.5 ipo kwenye safu zote mbili. Kibao cha mota kikifutika na kubaki "7.5" bila kipimo, tafuta ampea kwenye kibao hichohicho kabla ya kuagiza nyingine. Kwa mota ya kawaida ya fezi tatu na volti 400, karibu ampea 15 maana yake ni kilowati 7.5, na karibu ampea 11 maana yake ilikuwa hp 7.5.